Neno Ile Papa Yako Alikatalia Mashini

Kamina, cité ya reli, mwezi wa saba 1986

Kwa mwanangu Gamaliel,

Nakusalimia kwa jina la Bwana wetu, weye mwenye ulifungua tumbo yangu. Uko namna gani? Mwili inaenda? Unalala muzuri? Uliandika kama baridi ya kule Japoni iliisha na sasa ni joto ya kutosha jasho hata muntu akikala tu. Unakulaka unashiba? Ile samaki mubichi uliyotuambia, uliacha kuila, ao uliizoea? Kama uliizoea usiniambie.

Hapa kwetu nianze na nkambo yako, muzee wetu ku Kabongo. Iko. Macho yake njo inakataa, lakini mudomo haijakataa, anauliza kila muntu mwenye kutoka Kamina kama Bajaponi balishakupa muke. Dada yako Augustine iko, mimba imeinama chini, tunangoja tu. Bwana yake iko, anakusalimia. Émerence, mutoto yao mukubwa, ameingia darasa ya pili, anasema umutumie picha ya ile mvua nyeupe ya baridi, na weye mwenyewe ukae ndani ya picha, si inchi tu. Ndugu yako Maurice iko ku depo ya mashini, mafuta haitoke tena mu vidole yake hata akisugua na muchanga, anakusalimia. Mama Bolingo jirani yetu, ule muke ya sergent wa ku base, iko. Bwana yake balimutuma tena Kinshasa, mama mwenyewe anakusalimia kwa Kilingala na anasema umujibu kwa Kijaponi, mutafahamiana. Pastere André anakusalimia na kanisa yote. Papa mukubwa Mwanza, ndugu mukubwa ya papa yako, anakusalimia. Iko hapa kwetu tangu wakati murefu, analala mu chumba yenu ya bavijana. Hata mbuzi iko.

Juu ya papa yako, habari yake nimeiweka chini. Usiruke na macho. Ninakuomba, Gamaliel, soma polepole, sawa vile tunatembeaka na nkambo, hatua yake njo hatua yetu sisi wote.

Utaona kama maandiko si ya Maurice. Barua ya mbele yote ni yeye alikuwa anaandika, na minyi nasema. Hii ninaandika na mukono yangu, na ile akili kidogo ya kusoma mama pastere alitupatia sisi bamama kila mangaribi ku kanisa. Ninaandika, napumuzika, naandika tena. Nimekala chini ku mukeka, karatasi iko juu ya lungo ya kupepetea, na nimeomba Maurice atoke inje. Juu kuko jibu moja papa mukubwa Mwanza na bandugu ya papa yako banangoja kutoka kwako, na pashipo ile jibu minyi siweze kusimama hapa pahali nimekala. Sikutaka jambo ile ipite mu mukono ya muntu mwingine mbele ya kukufikia. Na niko na woga. Sijue tena neno inaingiaka namna gani mu kichwa yako.

Juu weye mwenyewe njo uliandika. Mu barua ya mwaka jana ulitueleza kama profesere yako anakukalisha mu kiti, anakupaka kitu sawa asali mu nywele, anabandika nyuzi, kiisha anakuvalisha kitu ya kusikilizia ku masikio na unasikia maneno. Anataka kujua kichwa inafanya nini wakati sikio inapokea neno. Ulisema Bajaponi habana na herufi sawa zetu. Kuko alama kidogo, kila moja ni hatua moja ya mudomo, ka, mi, na, basi Kamina ni hatua tatu. Na kuko alama kubwa, moja inabeba kitu muzima: muti ni alama moja, maji ni alama moja, na jicho ikiiona inaona kitu yenyewe. Tena sauti moja inaweza kuwa ya alama mingi. Kwa hiyo bantu ya kule bakizungumza, wakati mwingine moja anaandika na kidole mu kiganja chake, mwenzake aone ni neno gani anataka kusema. Na ulisema weye pia, kiisha kusoma ile maandiko miaka hii yote, sasa muntu akisema neno, alama inakuja kwanza kusimama mbele, na maana inakuja nyuma yake. Profesere anataka kujua kama inafanya vile hata mu luga ya mama yako.

Wakati Maurice alisoma ile, papa yako njo alianza kucheka. Alisema, basi siku Gamaliel atarudia, nikimuita pa mulango atanijibu ngoja papa, nifungue kitabu kwanza. Kiisha akashika mukono yangu pa meza akaandika mu kiganja na kidole. Nikamuuliza ni nini. Akasema ni Kijaponi, maana yake bukari ku sahani inapoa. Ile juma yote alikuwa ananiandikia Kijaponi mu mukono, maji ya kuoga, shati, kwenda kulala, na batoto banacheka.

Minyi nilicheka na mudomo tu. Sikukuambia wakati ile, lakini nilikufahamu kidogo. Mbele ya kujua kusoma, muntu akisema mukate, nilikuwa nasikia harufu. Sasa mama pastere amenifundisha, muntu akisema mukate, kwanza ninaona ile M na miguu yake, kiisha harufu inakuja, na inakuja kidogo. Mara ya kwanza ilinipata ku soko. Muke mwenye kuuza alisema chumvi, na minyi nikasimama pale ninaandika chumvi mu kichwa, C, H, U, bantu bananisukuma, mwenyewe ananiuliza mama, unanunua ao unaomba. Nilirudi, nikamuambia papa yako kama kusoma kumeweka mulango mahali pashipo mulango. Yeye akasema mulango ni kitu muzuri, unaweza kuifunga. Nikamuambia ile siweze kuifunga, hata nikifunga macho iko wazi. Basi niliwaza, kama minyi na herufi yangu kidogo hizi iko vile, na mutoto yangu na alama yenye kujaza sanduku, nikimuita atanisikilia wapi?

Bon. Kiisha ukaomba kasete. Ulituma maneno ya Kiluba, maneno ya kila siku, maji, moto, muti, mutoto, mvua, na zingine, na uliomba papa yako ayaseme moja moja, kavu. Neno, kunyamaza. Neno, kunyamaza. Pashipo salamu, pashipo hadithi. Papa yako alifurahi, Gamaliel. Alisema Japoni nzima na mashini zake inahitaji mudomo ya muntu wa kugeuza reli wa Kamina. Alieleza bantu bote ku gare, mpaka bale ba treni ya Ilebo balikuwa banapitisha kichwa pa dirisha kumuuliza, Papa Mputu, Bajaponi habajakulipa?

Tulifanya kazi ile siku ya Mungu, kiisha kanisa, juu siku ile habapange mabehewa na hakuna makelele. Mama Bolingo alileta redio yake ya kasete, akaikalisha pa meza sawa mutoto muchanga, akakataza kila muntu kuigusa. Tulifunga madirisha na mulango. Émerence tulimutuma afukuze kuku, lakini jogoo moja alibaki chini ya kitanda pashipo sisi kujua. Papa yako alivaa ile shati alivaa ku ndoa ya Augustine. Mama Bolingo akamuambia kasete haina macho. Akasema najua, lakini minyi niko nayo.

Hapo njo shida ilianza. Papa yako hakuweza kusema neno kavu. Alianza, Gamaliel mwanangu, ni minyi papa yako Mputu, maji ya muto inapungua sasa, lakini maji ya kunywa iko. Mama Bolingo akafunga mashini. Akamuambia, Papa Mputu, bantu banakuomba hindi moja, weye unabaletea shamba pamoja na mwenye shamba. Bakaanza tena. Papa yako akasema moto, kiisha akaongeza, moto ya mama yako, anapika. Mama Bolingo akafunga, na alicheka mpaka alikala chini. Papa yako alikasirika kidogo, akamuuliza, kwenu Équateur munasemaka moto tu? Moto ya nani? Inawaka wapi? Muntu akisema moto na anyamaze, si bantu batakimbia?

Unajua namna sisi tuko, weye ulikomalia hapa. Kwetu neno iko na mwenyewe. Unasema maji ya kunywa, mutoto ya fulani, nyumba ya fulani. Zaidi sana maneno ya kutisha. Hatuyatupe mu nyumba yenye kufungwa pashipo kusema ni ya nani, ilikuwa wapi, ilishapita. Bakubwa yetu balifanya vile na sisi tunafanya vile pashipo hata kuwaza. Mama Bolingo hakujua, na Bajaponi banajua wapi.

Lakini mapendo ilikuwa juu yako, na papa yako akajikaza. Akafunga macho. Akasema maji, akanyamaza. Akasema moto, akanyamaza. Jasho ilitoka ku shati ya ndoa. Alisema muti, alisema mutoto, kila neno sawa muntu anashusha muzigo na anaogopa kuvunja kitu ndani. Tulienda muzuri. Kiisha akafika ku neno ile ya kufa. Unaijua kwa Kiluba, siiandike hapa. Weye uliiweka katikati ya mvua na chumvi.

Akaitazama pa karatasi. Akasema hii hapana. Maurice akamuambia papa, ni masomo tu, ni sauti, hakuna muntu mu ile neno. Papa yako akajibu, kama hakuna muntu ndani yake, njo sababu. Akasimama, akafungua mulango, akaenda inje kutazama nyanya zake, akairudisha mulango nyuma yake polepole.

Minyi niliona kasete inazunguka, inatembea pashipo kitu. Niliwaza profesere ataona neno moja haiko, atasema huyu Muzairois bazazi yake habatii, atatosha mutoto yangu mu kiti na ataweka mutoto ya muntu mwingine. Woga ile tu njo ilinikamata, hakukuwa kitu ingine. Nikainama karibu na redio na nikaisema. Kavu. Niliisema sawa vile ninasemaka chumvi. Maurice akanitazama, Mama Bolingo akaweka kidole pa midomo yake. Kiisha papa yako akarudi, akakala, akasema chumvi na maneno yenye kubaki. Hakuniuliza kitu. Hata minyi sikumuambia kitu. Tulikula majani ya sombe na samaki ya ziwa Kisale na Mama Bolingo alikula na sisi.

Kasete ikaenda na mutoto ya pastere mpaka Lubumbashi, na toka pale na ndege.

Sasa nimefika chini, kule niliweka papa yako. Kala chini, mwanangu. Kama uko mu njia, ingia kwanza mu nyumba.

Papa yako haiko tena. Tulimuzika. Alianguka ku kazi, wakati mahindi inaanza kukauka mu mashamba. Alikuwa anashika ile chuma ya kugeuza njia, treni ya mizigo ilikuwa ilishapita salama, hakuna muntu aliumia. Benzake banasema alikala polepole, sawa anatafuta kitu mu majiwe ya reli. Ku lopitali infirmie alisema ni damu yenye kupanda, ile alikuwa nayo tangu weye ungali hapa na alikuwa anasema itashuka yenyewe. Hakusema tena. Nilimushika mukono. Alipumua mpaka jua ilifika pa dirisha, kiisha hakupumua. Banduguye balikuja na treni, nkambo alikuja juu ya kamiyo yenye kubeba mahindi. Kanisa iliimba muzuri. Sanduku balitengeneza ku depo, Maurice na benzake, na mbao ya behewa.

Ungepashwa kujua wakati ile ile. Lakini papa mukubwa Mwanza alikataza kuandika. Alisema habari ya vile haitembee peke yake mu karatasi, muntu njo anaichukua, anafika, anakala karibu yako, anakula, kiisha anakuambia, na mikono yake iko pale ya kukushika. Ni kweli, njo vile tunafanyaka. Lakini nani ataenda kukala karibu yako Japoni? Bakazungumza, bakasema tuandike kama papa ni mugonjwa. Maurice aliandika, kiisha akaipasua, juu hauna njia ya kuja na ungekala unahangaika juu ya mugonjwa mwenye haiko. Vile siku ilipita. Njo maana ninakuandikia, na ninajua ninaikosea desturi. Ni hii mukono iko, hakuna ingine.

Utaniuliza minyi niko namna gani. Sikulia, Gamaliel. Bamama balilia, balinitazama, niliinua mikono sawa bale, nikafungua mudomo, lakini ndani ilikuwa sawa nyumba yenye balishatosha bintu. Mpaka leo. Ninakula juu Augustine anaweka sahani mbele yangu. Treni ikipita usiku siisikie, na zamani nilikuwa naamka nayo. Banasema itakuja. Sijue ni nini itakuja.

Barua yako ilifika bantu bangali ku kilio. Bote balifurahi, balisema mutoto amejua pashipo kuambiwa. Maurice alisimama katikati akaifungua, akaanza, Papa na Mama bapendwa. Bamama bakalia upya. Akaendelea. Ulisema kasete ilifika muzuri. Ulisema profesere aliuliza neno gani ile yenye inasikilika kiisha muti, ukamujibu ni jogoo. Pale hata papa mukubwa alicheka kidogo. Kiisha ulisema kama ulikala mu kiti na nyuzi ku kichwa, ukasikia sauti ya papa yako inasema maji, na alama ya maji ya Bajaponi ilikuja kwanza, kiisha papa yako akaja nyuma yake. Na muti vile vile, na moto vile vile. Tantine moja, shangazi yako, akanung'unika kama basi mutoto anapokea baba yake sawa mugeni, pa mulango. Bakamunyamazisha.

Kiisha Maurice akasoma ile mustari, na angejua mbele hangeisoma. Uliandika, kuko neno moja, ile Mama njo alisema. Pale hakuna alama ilikuja. Nilisikia tu Mama, sawa iko nyuma ya kiti. Mashini pia ilionesha, kalamu iliruka, profesere hakujua sababu. Juu ya nini Mama njo aliisema, papa alikuwa wapi? Na chini uliongeza kama Bajaponi nabo banaogopa ile neno, juu mu luga yao iko na sauti moja na hesabu ya ine, ile ya kiisha tatu, na mu lopitali zingine habapatie chumba ile hesabu.

Papa mukubwa Mwanza akauliza polepole, neno gani? Mama Bolingo, na moyo safi, anawaza anasaidia, akaeleza byote, shati, moto ya mama, nyanya, mpaka jogoo. Mwishoni alitaka kucheka, kiisha akaona macho ya bantu, akaziba mudomo na kitambaa yake.

Papa mukubwa hakupiga makelele. Alisema, bwana alikatala akatoka inje. Muke akabaki mu nyumba yenye kufungwa, akaiita ile neno. Na alama ya bantu bale, yenye inasimamisha maneno yote pa mulango, ile haikuisimamisha. Ilipita. Mutoto mwenyewe ni mushuhuda, mashini ya bazungu ni mushuhuda. Maurice akamuambia Bajaponi si bazungu. Akajibu, muntu mwenye kufunga nyuzi ku kichwa ya mutoto ya mwenzake ni muzungu. Infirmie alikuja kumueleza damu. Akamujibu, damu ninaijua, ilikuwa mu ndugu yangu miaka mingi na haikumuangusha. Pastere André alisoma Neno, bakasema amina, bakakala sawa vile balikuwa.

Basi siku ya kutosha kilio, ya kuimaliza, batoto balioshwa, balinyolewa, Maurice, Augustine, bajukuu. Minyi habakunipaka pemba, ile udongo nyeupe ya kusafisha mwenye kufiwa. Baliniacha ku mukeka na kitambaa nyeusi. Siweze kwenda shamba, siweze kusalimia muntu na mukono, mu kanisa ninakala nyuma, pa mulango. Bantu habanitukane. Bananipitia kando kidogo, sawa vile unapitia maji yenye kumwangika. Njo ile nilikuambia mbele, kama siweze kusimama.

Na jibu banangoja kwako njo hii. Papa mukubwa Mwanza alisema, kama ile neno ni masomo tu, basi Gamaliel mwenye aliiomba aiseme naye. Aiseme mu kasete, kavu, peke yake, chumba imefungwa. Tutaisikiliza bote. Kiisha tutangoja mpaka mvua ianze, na kama barua yake ingine inafika na yeye iko muzima, minyi mwenyewe Mwanza nitashika pemba nimuinue muke ya ndugu yangu. Kama anakatala, tutajua kama hata yeye anajua, na mama yake Kabedi arudi kwao Kaniama. Papa mukubwa si muntu mubaya, usimuchukie. Yeye njo alilia kupita bantu bote. Asubui anatoka mu chumba yenu na macho yenye kuvimba, anakata kuni, anaziweka karibu yangu, anageuza uso.

Augustine anasema uiseme, na mbio, juu anataka niwe pale akizaa. Maurice anasema uiseme mpaka kasete iishe. Mama Bolingo, na sauti ya kuomba musamaha, anasema utafute na jogoo ya Japoni. Pastere anasema neno haiuwe muntu. Na weye ninakujua. Ulipomaliza kusoma mustari ya papa mukubwa ulishaanza kuwaza nani karibu yako ana redio ya kasete. Njo maana nilimutosha Maurice inje.

Usiiseme, Gamaliel.

Sijue kama papa mukubwa iko na haki. Nikisikiliza pastere ninaona hana. Nikikala peke yangu ninasikia mudomo yangu inaisema, pale kabla ya chumvi. Nimeigeuza mpaka mawazo iliisha, hakuna upande unauma, hakuna upande unapoza. Kitu moja tu inabaki yenye kushikika. Kama si kitu, minyi nitapoteza nyumba na nitazeeka na kitambaa hii. Kama ni kitu, na weye uliisema kwa kuniinua, hapana, siandike mbele. Nilishajaribu na mudomo yangu. Sitajaribu na yako.

Usimuambie papa mukubwa kama minyi njo nilikukataza, atakasirikia Maurice na Augustine. Umuandikie kwa heshima kama masomo ile ilifungwa, mashini balichukua, na umulilie ndugu yake. Yeye pia anangoja muntu wa kumulilia.

Ulisema ile mara ulinisikia minyi tu, sawa niko nyuma ya kiti. Basi unisikie vile tena. Kama alama ya kule inakuja mbele ya papa yako, uiache ipite, yeye atakuja nyuma yake, hana haraka. Lakini usilie peke yako. Tafuta muntu akale karibu yako, hata kama hajue Kiluba. Umupatie chakula kwanza, ale. Kiisha umuambie.

Minyi nimeanza kufunga bintu. Si mingi. Ndugu yangu ku Kaniama ametuma habari kama chumba iko na mahindi ilizaa muzuri mwaka huu. Mama Bolingo ameahidi kumusimamia Augustine. Maurice bado hajue kama nimekata neno, anawaza barua hii inakuomba kasete, alinunua hata tambre ya kubandika ku bahasha.

Augustine, bwana yake, Émerence, Maurice, nkambo, Mama Bolingo, pastere, na papa mukubwa Mwanza, bote banakusalimia sana. Salimia profesere yako, umuambie kwetu hakuna hasira naye. Uvae muzuri baridi ikirudi.

Unijibu mbio, siku ile ile barua hii inafika, na iwe ya karatasi, hapana kasete. Andika herufi kubwa, niisome mwenyewe. Usitume tena ku Kamina. Juu ya bahasha andika: Mama Kabedi, ku misioni, Kaniama.

Ni minyi mama yako,
Kabedi